Naomba ushauri: nimchukue dogo gani kati ya hawa watatu wa shamba la Baltimore Orioles?

MzeeWaLaurel:
Wakuu, habari za usiku. Niko Maryland mwaka wa tisa sasa, kazi yangu ni zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Besiboli niliikuta huku. Mwanzoni niliona ni watu wazima wamesimama kwenye majani wakitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda, basi. Mwanangu alipoanza kucheza ikabidi nielewe, na sasa nimenasa.

Kazini tuna ligi yetu ya kwenye simu, kama ile Fantasy ya EPL mnayoijua, ila hii ina nyongeza moja: unaruhusiwa kushikilia vijana ambao bado hawajafika ligi kuu, ukakaa nao hata miaka mitatu ukisubiri waive. Hapo ndipo ninapochemsha. Mwaka jana nilichukua mrushaji aliyekuwa akiwafagia wapigaji wote. Mwezi wa sita kiwiko kikaenda, akapasuliwa, na mimi nikageuka kichekesho cha chumba cha chai.

Jumapili tunachagua tena na nimebakiwa na nafasi moja. Mimi ni wa tano kuchagua. Nina madogo watatu, wote wa Orioles kwa kuwa ndiyo timu ya hapa:

Wa kwanza ni Mdominika, miaka 18, yuko ile ligi ya chini kabisa ya Florida. Anapiga kama kichaa, wastani wake uko juu ya .350.

Wa pili yuko hapa Bowie, Double-A, miaka 21. Huyu nimemwona kwa macho mara nne. Wastani wake ni kama .240 tu, yaani katika mara 100 anafanikiwa 24. Lakini hana papara, anaiacha mipira mibaya ipite na kupewa besi ya bure mara nyingi sana, yaani anatembea hadi kituo cha kwanza bila kupiga.

Wa tatu ni mrushaji wa Norfolk, Triple-A, miaka 24, anarusha maili 98 kwa saa. Yuko mlangoni kabisa.

Majina siyataji. Kuna Mkenya mmoja kazini nahisi huwa anapitapita humu.

Chogo_Original:
Mkuu rudi kwenye Simba na Yanga, huo mchezo hata waamuzi wake wanasinzia.

TichaTakwimu:
Mzee, swali lako ni zuri na kosa lako la mwaka jana tumelifanya wote. Mimi nafuatilia mashamba ya timu hizi tangu niko chuo, sasa ngoja nikae vizuri.

Kwanza kwa wasiojua "shamba" ni nini. Kila timu ya ligi kuu ya Marekani, na ziko 30, ina timu ndogo chini yake za kulea vijana. Aliyelianzisha jambo hili ni Branch Rickey akiwa na St. Louis Cardinals miaka ya 1920, maana hakuwa na fedha za kununua nyota, akaamua kuwaotesha. Tangu 2021 ngazi za msimu mzima ni nne, kuanzia chini: Single-A, High-A, Double-A, Triple-A. Chini ya hapo kuna ligi za viwanja vya mazoezi kule Florida na Arizona, na nyingine iko Jamhuri ya Dominika.

Sasa Mzee, wewe umeleta wastani watatu bila kuuliza kila mmoja kaupata wapi na akiwa na umri gani. Ni kama mtu aje na A ya hesabu, hujamuuliza ni mtihani wa darasa la nne au wa kidato cha sita. Mdominika wako anacheza mchana wa jua kali, watazamaji ni skauti na wapenzi wachache waliobeba viti vyao. Warushaji anaokutana nao ni watoto wenzake, wana nguvu lakini hawajui mpira unakwenda wapi. Pale kijana mwenye mikono myepesi anaweza kupiga .350 na bado asijue kabisa kusoma mpira wa kupinda, kwa sababu hajarushiwa ulio mzuri.

Huyu wa Bowie ana miaka 21, na ngazi ile wengi wao ni wa miaka 23 na 24. Anapambana na kaka zake. Double-A ndiyo ngazi inayochuja, warushaji wa pale wanajua kukutega. Kijana wa 21 anayepiga .240 pale huku akipokea besi za bure kwa wingi, mimi namweka juu ya wa 24 anayepiga .350 Single-A, tena bila kufikiri mara mbili.

Wastani wa kupiga hupanda na kushuka kwa bahati: mpira umepita kidole kimoja kulia kwa mlinzi, mwingine umemwendea mkononi. Mimi naanza na vitu viwili, mara ngapi anatolewa kwa straiki tatu, yaani kukosa mipira mitatu mizuri, na mara ngapi anapewa besi ya bure. Hivyo vinatulia mapema, na vinakueleza jicho lake. Nguvu inaweza kuja baadaye mwili ukijaa. Jicho sijaona likija ukubwani mara nyingi.

Jambo jingine, usitishwe na alama za skauti. Wanatoa 20 hadi 80, na 50 ndiyo wastani wa mchezaji wa ligi kuu. Ukiona dogo kapewa 60 ya kupiga usidhani ni C ya NECTA. Hiyo 60 inanunua nyumba.

BintiTanga757:
Ticha umesema vizuri ila wewe ni mtu wa karatasi. Mimi nakaa karibu na Norfolk, uwanja wao wa Harbor Park naingia karibu kila wiki ya majira ya joto, na nakwambia Mzee, yale uliyoyaona kwa macho mara nne usiyatupe.

Mfano Jackson Holliday. Namba moja katika drafti ya 2022, yaani pale timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu, orodha karibu zote zilimpa namba moja ya vijana wote nchini. Aprili 2024 wakampandisha Baltimore ana miaka 20. Mara 34 za kupiga, akapata 2. Mbili! Wakamrudisha Norfolk kabla mwezi haujaisha. Sisi huku tukamwona kila siku. Kwenye karatasi alikuwa anapiga vilevile kama mwanzo, lakini ukikaa nyuma ya besi ya nyumbani ulikuwa unaona kuna kitu anakitengeneza, hasa kwenye mipira ya kasi ya juu, ile inayopita usawa wa kifua. Alirudi ligi kuu tarehe 31 Julai, siku hiyohiyo akapiga homurani yake ya kwanza, mpira ukatoka nje ya uwanja, besi zote zikiwa zimejaa.

Kwa hiyo ukienda Bowie tena usiangalie matokeo. Angalia akishakosa mpira wa kupinda mara ya kwanza, wa pili anaufanyaje. Akiukosa vilevile, andika. Akiuacha, andika kwa wino mwekundu.

MzeeWaLaurel:
Binti Tanga asante sana dada. Hilo la mpira wa pili sikulifikiria. Mimi nilikuwa nakodoa macho kwenye ubao wa kasi.

Ticha, na huyu wa Norfolk? Maili 98, yuko hatua moja tu. Moyo unaniambia yeye.

MkandajiMisuli:
Moyo huohuo ndio uliokupeleka kwa yule wa mwaka jana, Mzee. Mimi kazi yangu ni mazoezi ya viungo kwa waliofanyiwa upasuaji, na warushaji ndio wanaonilisha. Ule upasuaji wa kiwiko unaoitwa Tommy John, wa kwanza aliufanya Dk. Frank Jobe mwaka 1974, na tangu hapo umekuwa kama kodi ya kichwa kwa watu wa kazi hii. Inachukuliwa kano sehemu nyingine ya mwili inafungwa kwenye kiwiko, kisha unasubiri mwaka hadi mwaka na nusu. Anayerusha kwa kasi zaidi ndiye anayekivuta kiwiko zaidi, kwa hiyo hiyo 98 inayokuvutia ndiyo inayonitia mimi wasiwasi.

Orioles wenyewe wanajua. Grayson Rodriguez alikuwa mrushaji wao bora kabisa shambani, mwaka 2022 alikuwa Norfolk amebakiza kuitwa tu, msuli wa mgongo ukamvuta, ligi kuu akaiona 2023. Nafasi ikiwa moja tu, usiiweke kwenye kiwiko cha mtu.

Nyota_ya_Mbagala:
Hapana, hapo mnamtisha mzee wa watu. Mnamsahau Félix Bautista? Marlins wa Miami walimsajili akiwa kijana, wakamtema 2015. Orioles wakamwokota 2016. Miaka inapita yuko shambani tu, kwa hesabu za Ticha huyo ni wa kufutwa kwa sababu ya umri. Ligi kuu kaingia 2022 ana miaka 26, na 2023 akachaguliwa mrushaji bora wa kufunga mechi katika American League, nusu moja ya ligi kuu. Sasa hiyo "umri na ngazi" ilikuwa wapi?

MkandajiMisuli:
Na vuli ya mwaka huohuo wa 2023 akapasuliwa kiwiko, 2024 yote hakucheza. Endelea, nakusikiliza.

Nyota_ya_Mbagala:
😂😂 Haya mkuu, hapo umenipiga.

TichaTakwimu:
Bautista ni halali kabisa, sikatai. Ila kuna jambo ambalo hatujamwambia Mzee. Warushaji wanaoingia mwishoni kwa dakika chache kufunga mechi wanaweza kuchelewa wakaibuka ghafla, wanahitaji aina mbili tu za mipira mikali. Mzee, jiulize huyu wako wa Norfolk ana aina ngapi za mipira. Kama ni ya kasi na mmoja wa kupinda, uwezekano mkubwa mwisho wake ni kufunga mechi, na kwenye ligi nyingi za simu hao hawana pointi nyingi. Kama ana wa tatu, wa kupunguza kasi, na anaurusha hata akibanwa, tuzungumze.

Halafu angalia mlango, na hili watu hulisahau. Kijana anaweza kuwa tayari na bado asipite kwa sababu kuna mtu amekaa kwenye kiti chake. Orioles walipoteza mechi 115 mwaka 2018 na 110 mwaka 2021, wakapata kuchagua mapema kwenye drafti kila mwaka. Adley Rutschman namba moja 2019, na drafti hiyohiyo Gunnar Henderson wakamchukua wa 42. Kufika 2023 wameshinda 101 na Henderson ndiye chipukizi bora wa American League. Raha, sivyo? Lakini shamba likijaa, wengine wanakosa pa kupandwa. Kyle Stowers alikuwa anapanda na kushuka Norfolk na Baltimore, Norfolk na Baltimore. Julai 2024 wakamtoa kwa Miami pamoja na Connor Norby wapate mrushaji Trevor Rogers. Mwaka 2025 Stowers akiwa Miami akaitwa kwenye mechi ya nyota. Aliyemtema kwenye ligi ya simu kwa sababu "hapandi" bila shaka anajua uchungu wake.

Wa Bowie anacheza nafasi gani? Kama ni mlinzi wa kati uwanjani, hata gongo likichelewa, glavu itampeleka juu. Kama ni wa besi ya kwanza, .240 haitoshi, hapo lazima apige mbali.

Lugazi_Mukwano:
Jambo wandugu, mimi ni Muganda, Kiswahili changu mnisamehe. Nafurahi kuona watu wetu wanaongea besiboli. Timu ya watoto wa Lugazi ilienda kombe la dunia la Little League kule Pennsylvania mwaka 2012, ya kwanza kutoka Afrika. Siku hizi timu za ligi kuu kama Dodgers na Pirates wamesajili vijana wetu warushaji. David Matoma wa Pirates mumuangalie sana. Na yule wa Afrika Kusini, Gift Ngoepe, Pirates walimchukua 2008, akakaa shambani mpaka Aprili 2017 ndipo akawa Mwafrika wa kwanza ligi kuu. Gongo lilimsumbua miaka yote hiyo, lakini mikono yake ya kudaka haikuwa na mfano. Siku ya kwanza alipiga salama mpira wa Jon Lester, mrushaji nyota wa Chicago Cubs! Kwa hiyo glavu inapeleka mtu, Ticha amesema kweli.

MzeeWaLaurel:
Lugazi karibu sana ndugu yangu, Kiswahili chako kimezidi cha watoto wangu.

Wa Bowie ni mlinzi wa kati, kati ya besi ya pili na ya tatu. Leo mchana nimeamka mapema nikampeleka mwanangu, nimefanya alivyosema Binti Tanga. Mara ya kwanza kakosa mpira wa kupinda vibaya, gongo karibu limtoke mikononi. Ukaja wa pili, uleule, chini nje. Akauacha. Mwanangu kaniuliza mbona nashangilia na hakuna kilichotokea.

Nimeamua. Jumapili ni yeye.

BintiTanga757:
Wino mwekundu huo! Safi sana kaka.

Kericho_Ravens:
Mzee wa zamu ya usiku, habari ya leo? Ni mimi wa pale dirishani. Nimesoma uzi wote mara mbili, asanteni sana Ticha na Binti Tanga kwa darasa. Nilikuwa sijui nichukue nani. Jumapili mimi ni wa nne.

MzeeWaLaurel:
Nilijua tu.

Ticha, uko hapo? Tuanze upya. Nieleze vizuri kuhusu yule Mdominika.