Kiingilio cha watoto vivutioni Nyanda za Juu Kusini: kifutwe au kibaki?

Mleta mada, Mwanjelwa
Wadau, likizo ya Juni hiyo inakuja. Hoja iliyopo mezani: mtoto wa shule, raia, aingie bure Kimondo cha Mbozi, Isimila (eneo la zana za mawe za kale), Kalenga (makumbusho ya Mkwawa), Daraja la Mungu (daraja la asili la mwamba juu ya mto) na kwingineko kama huko. Wanaounga mkono wanasema ni urithi wake, hakuna sababu ya kuulipia. Wanaopinga wanauliza mlinzi na choo vitalipwa na nani. Tafadhali mje na hesabu.

Fundi Hesabu
Mimi napinga, na hesabu hii hapa. Chukua kaya ya wazima wawili na watoto wanne wenye umri wa kulipiwa siti, kutoka Mbeya mjini kwenda Kimondo. Tuseme nauli ni 4,000 kwa kichwa: kwenda na kurudi 48,000. Ukiacha barabara kuu ya Tunduma bado hujafika, kuna kipande cha kuingia hadi Ndolezi. Bodaboda tatu kwa 3,000, mara mbili, ni 18,000. Kiingilio cha mtoto tukiweka 1,000, wanne ni 4,000. Jumla 70,000 kabla ya kiingilio cha wazima na chakula. Ukifuta ile 4,000, aliyeshindwa jana leo ataweza? Nauli ndiyo inayombakiza mtoto nyumbani.

Mlandege
Mkuu, hesabu yako ni ya Kimondo tu. Njoo Iringa. Isimila iko kama kilomita 20 kutoka mjini, barabara ya Mbeya hiyohiyo, na kutoka lami kipande cha ndani kinatembeka kwa miguu. Hapo nauli ni ndogo na bodaboda haihitajiki, kwa hiyo kiingilio ndicho kinachouma. Kalenga hivyohivyo, kama kilomita 15. Fuvu la Mkwawa, mtemi wa Wahehe, lilirudishwa pale mwaka 1954, na mtoto wa Kihehe analipa ili alione! Kwa vivutio vilivyo jirani na mji, kifutwe.

Halafu tahadhari kwa wanaopanga: Isimila na Kalenga msiziweke siku moja mkiwa na watoto wadogo. Ni barabara mbili tofauti, lazima urudi mjini kwanza, na mchana mtoto atakuwa hoi. Isimila ingieni asubuhi, maana kule chini kwenye nguzo za udongo jua linapiga bila kivuli. Mtoto asiguse wala kupanda nguzo, zile zimechongwa na mmomonyoko na hazijaacha kumomonyoka.

Mama Watatu
Kaka Fundi, bodaboda tatu kwa watu sita, yaani unahesabu mishikaki, abiria wawili pikipiki moja, na watoto! Hiyo si bei nafuu, ni hatari. Kaya nne zikodi Coaster moja na kugawana. Ila kabla ya kulipa advansi, mwulizeni mwenye gari kama ana kibali cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, cha safari hiyo. Daladala ina njia yake kwenye leseni. Ikikamatwa nje ya njia, mtashushwa na watoto kando ya barabara, na hela kuirudisha ni kazi.

Kuhusu hoja nasimama katikati: iwepo tiketi moja ya kaya, bei moja, hesabu ya vichwa iishe.

Fundi Hesabu
Kaya ya nani, dada? Huku kwetu kaya ni pamoja na watoto wa shangazi, wa jirani na binti wa kazi. Getini patakuwa na ugomvi kila Jumamosi.

Mama Watatu
Iandikwe hivi: wazima wawili na watoto wasiozidi sita. Shangazi atakata yake.

Kiongoza Njia, Isongole
Mnazungumzia geti, mimi nizungumzie njia. Ziwa Ngozi mwongozaji si anasa. Mwinuko wa mwisho ni mkali, na pale ukingoni kuna kuta zinazoshuka wima hadi majini, hakuna uzio. Mtoto chini ya miaka minane asipande. Watoto wa kuanzia umri huo wasizidi watatu kwa mzima mmoja. Machi hadi Mei Rungwe ni mvua na utelezi, na ukungu ukishika utalipa, utapanda, halafu usione ziwa. Juni ni pakavu lakini baridi: sweta, viatu vya kufunga, maji lita moja kwa mtoto. Hifadhi ya Kitulo, inayosifika kwa maua, ni kinyume chake. Maua ni Desemba hadi Aprili, ukienda Juni utawaonyesha watoto nyasi.

Kwa hiyo geti likiwa bure, watu watadhani na mwongozaji ni bure. Hapo ndipo mtoto atakapoanguka.

Mlandege
Si lazima hivyo. Kiingilio na malipo ya mwongozaji ni vitu viwili, viandikwe kando kwenye bango. Hifadhi za taifa mtoto chini ya miaka mitano halipiwi, na Mtanzania analipa kwa shilingi wakati mgeni analipa kwa dola. Kanuni ya kutofautisha tunayo tayari. Mimi naomba umri upandishwe.

Mkazi wa Tukuyu
Nami niko upande wa kufuta, kwa sharti: fedha ya wazima ijenge choo kwanza. Na kumbukeni si kila mahali pa wazi. Kijungu, shimo la mwamba mtoni Kiwira, kipo ndani ya eneo la Magereza Kiwira, lazima mpite getini, bure au si bure. Pale Daraja la Mungu mawe ya kando ya mto yana utelezi, shikeni watoto mikono.

Kwa kona za Tukuyu: asubuhi mtoto asinywe chai ya maziwa, apewe ndizi au kiazi cha kuchemsha, akae mbele. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, basi bebeni kindoo cha rangi chenye mfuniko cha kutapikia.

Fundi Hesabu
Nimesogea kidogo: Isimila na Kalenga bure kwa wanafunzi, nakubali. Kimondo, hapana, mpaka mtu aniambie nani atapunguza nauli.