Nimehitimu mipango miji: halmashauri, kampuni ya ushauri au ramani?

Mhitimu mpya: Wakuu, nimemaliza shahada ya mipango miji na mikoa. Naweza kuomba kazi halmashauri, kuingia kampuni ya ushauri, au kujikita kwenye ramani za kompyuta. Ipi inamjenga mtu?

Dirisha la vibali: Anza halmashauri. Mtu analeta mchoro safi wa nyumba, ukiweka rula unakuta ukuta umeingia kwenye hifadhi ya barabara. Inabidi umweleze uso kwa uso, naye keshanunua matofali. Hapo ndipo utazielewa sheria za matumizi ya ardhi. Ubaya ni kwamba mpango kabambe mzuri, yaani mpango mkuu wa mji mzima, unaweza kulala kabatini kwa kukosa bajeti.

Mshauri wa zamani: Nilikaa kampuni ya ushauri miaka sita. Mwaka mmoja tu unagusa usafiri, maji ya mvua, makazi na masoko, na unajua kusoma hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi anayoitaka mteja. Lakini ukishakabidhi ripoti unakimbilia zabuni nyingine, hujui kama ule mtaro ulichimbwa. Hilo liliniuma mpaka nikaondoka.

Mchora ramani: QGIS, programu ya kutengeneza ramani kwenye kompyuta, ni ya bure, na OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoanza 2004, ina data ya kufanyia mazoezi leo hii. Ujuzi huu unatafutwa hata kwenye afya na maafa. Ila usiutenge na watu. Niliwahi kupanga viwanja vya makazi kwa picha za setilaiti zilizopigwa kiangazi. Kwenye mkutano wa wananchi bibi mmoja akaweka kidole kwenye ramani: "Hapa maji hupita." Tulikwenda naye. Mashina ya miti yalikuwa na alama za matope kufikia magotini. Tulifuta viwanja vyote vya upande ule.

Mhitimu mpya: Asanteni sana. Kwa hiyo ramani nijifunze jioni, mchana niwe halmashauri?

Dirisha la vibali: Ndivyo ningefanya mimi.

Mshauri wa zamani: Sipingi. Ila popote uendapo, kama kwenu taaluma ina bodi ya usajili, uliza kabla ya kusaini mkataba: ni mtaalamu gani aliyesajiliwa atakusimamia? Mimi sikuuliza. Miaka yangu miwili ya kwanza haikuhesabiwa.