Nimechaguliwa mafunzo ya Strasbourg, viza sijaanza

Kutoka: Leicester

Habari zenu ndugu. Nimekubaliwa kwenye mafunzo ya wiki moja ya sera ya vijana, Kituo cha Vijana cha Ulaya, Strasbourg. Pasipoti ni ya Tanzania, hapa Uingereza nina kibali cha kuishi. Nauli nalipa mwenyewe kwanza, nitarudishiwa baadaye. Kuna aliyewahi kupita huko? Na mtu wa miaka 28 asiyesomea siasa ataongea nini mbele ya watu wale?

Kutoka: Reading

Hongera mwanangu. Viza kwanza, vigelegele baadaye. Kibali cha Uingereza hakikuingizi Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zenye viza moja, Ufaransa ikiwamo, na pasipoti yetu inadai viza. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho ni siku 15 kabla, lakini usizisubiri hizo 15, maana miadi ndiyo inayokwisha mapema. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, bado ya wakala. Bima ya safari isipungue yuro 30,000. Waandikie waandaaji leo hii wakutumie barua ya mwaliko, jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Mimi niliwahi kurudishwa dirishani kwa herufi moja tu.

Halafu usije ukamwambia mtu unakwenda Umoja wa Ulaya. Kituo hicho ni cha Baraza la Ulaya, nalo ni chombo kingine kabisa, cha tangu 1949, lina nchi 46, na Uingereza imo mpaka leo, Brexit au bila Brexit.

Kutoka: Coventry

Shikamoo Mzee. Mdogo wangu, mimi nilikaa pale siku sita, miaka kadhaa iliyopita, na hilo swali lako la mwisho ndilo lililoninyima usingizi. Nikaandaa hotuba. "Uwezeshaji" mle ulikuwemo mara tisa, "ushirikishwaji" sikuhesabu. Nilijiona nimemaliza. Mkufunzi akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Huo ukumbi wa vijana uliofungwa mtaani kwenu, nani aliamua ufungwe?" Serikali, nikasema. "Serikali ipi? Kwenye kikao gani?" Kimya. Jirani yangu, kijana kutoka Moldova mwenye Kiingereza cha kuokoteza, alikuwa na jina la kamati ya kwao, tarehe ya kikao na fungu la bajeti lililokatwa. Hotuba yangu niliikunja nikaitia mkobani.

Niliporudi ndipo nikaanza kuchimba. Kumbe England kuna Sheria ya Elimu ya 1996, kifungu cha 507B: halmashauri inatakiwa kuhakikisha vijana wa miaka 13 hadi 19 wana shughuli za kutosha nje ya masomo, na wenye matatizo ya kujifunza au ulemavu hadi 24. Ila ndani yake kuna maneno "kadiri inavyowezekana", na hapo ndipo halmashauri hupata pa kujifichia. Nenda na jambo moja la Leicester, ulijue mpaka mzizi. Hayo mengine utayasikia hukohuko.

Utakachokiona pale, ukitazame vizuri. Kwetu kijana anasoma risala, mgeni rasmi anaipokea, anapiga makofi, inaishia ndani ya bahasha. Pale kuna Baraza la Ushauri la Vijana, wajumbe 30, wanaokaa na wawakilishi wa serikali kuamua pamoja vipaumbele na bajeti ya sekta ya vijana ya Baraza la Ulaya. Muulize mkufunzi inakuwaje wakikosa kuelewana. Mimi sikuuliza, najuta.

Jiandae pia kwa ubishi wa kijana ni nani. Umoja wa Mataifa unahesabu 15 hadi 24. Mkataba wa Vijana wa Afrika, uliopitishwa Banjul mwaka 2006, unafika 35. Wewe Banjul bado kijana, New York umeshakula chumvi!

Kuhusu nauli: tunza kila karatasi, hata pasi ya kupandia ndege ya kurudi. Yangu niliitupa kwenye pipa la uwanja wa ndege pamoja na ganda la ndizi, ikanigharimu barua pepe za wiki tatu kujieleza. Na pesa hairudi siku unayoondoka, kwa hiyo usiguse ya kodi ya nyumba. Ukipitia Paris, treni ya kasi inaondokea Gare de l'Est, haifiki saa mbili njiani. Mchana mkiwa huru panda tramu ya D, inavuka mto Rhine mpaka Kehl, Ujerumani. Vitu vingi vya dukani ni nafuu upande ule. Lakini pasipoti iwe mfukoni, polisi hukagua.

Kutoka: Leicester

Asanteni sana, Mzee na dada. Barua ya mwaliko nimeshaiomba, jina nimelinakili herufi kwa herufi. Nimempigia diwani wetu kuhusu kituo cha vijana, katibu wake kasema atanijibu Jumatatu. Chakula halali je?

Kutoka: Coventry

Andika kwenye fomu yao sasa hivi, usingoje kuomba jikoni. Jumatatu ikipita kimya, Jumanne piga tena. Na beba adapta, soketi za Ufaransa ni za matundu mawili ya duara, plagi zetu haziingii.