Kumuenzi Mary Wilson kwa wimbo ambao hakuimba, huu ni uzembe!

Wakuu, nimekereka, niacheni niseme.

Jana usiku kituo kimoja cha redio kilikuwa na kipindi cha kumuenzi marehemu Mary Wilson wa The Supremes, lile kundi la waimbaji wa kike la Marekani. Nikatega sikio tangu dakika ya kwanza. Saa nzima ni Diana Ross, muimbaji kiongozi wa kundi: magauni yake, filamu zake, wapenzi wake. Mary kaambulia kuitwa "mwitikiaji". Mwishoni wakapiga Someday We'll Be Together, eti tuage kwa sauti yake.

Sauti ipi? Mary hayumo kwenye wimbo ule! Mwaka 1969 walioitikia nyuma ya Diana ni Maxine na Julia Waters, pamoja na mtayarishaji Johnny Bristol. Ukashika namba moja Marekani, wa 12 kwa kundi, lebo imeandikwa Diana Ross & the Supremes, na Mary hakutia hata neno. Nikatuma ujumbe kuwasahihisha. Mtangazaji akausoma hewani, akacheka, akasema waitikiaji wote ni walewale.

Si walewale! Naimba sauti ya pili kwenye kwaya mwaka wa 15 huu, najua kazi yake. Vaa hedifoni usikilize Where Did Our Love Go ya 1964. Baada ya kile kishindo cha miguu, sikiliza chini ya Diana: Mary na mwenzake wa kundi Florence Ballard wanarudia lile neno "baby", laini, pumzi moja, hakuna anayemfunika kiongozi wala anayechelewa. Watoe hao, uone wimbo utakaobaki.

Mary alianza nao Detroit mwaka 1959, binti wa shule, wakiitwa The Primettes. Florence akaondolewa 1967. Diana akaenda zake Januari 1970. Mary akabaki na kundi hadi 1977! Na kuongoza aliongoza, kwenye Floy Joy anapokezana na Jean Terrell, aliyeshika nafasi ya Diana.

Kinachoniuma zaidi, miaka ya baadaye alihangaika kupigania sheria za kuzuia makundi feki yanayojipa majina ya wasanii wa asili ili kuuza tiketi. Amefariki tarehe 8 Februari 2021, halafu tunamkumbuka kwa sauti za watu wengine?

Yule mtangazaji arudi hewani, aombe radhi, apige Floy Joy mwanzo mpaka mwisho. Na asiongee wimbo ukiendelea.