Naomba ushauri: uzi wa tatu (La) kwenye gitaa la chuma lililotuniwa Do6

Wandugu wapiga gitaa, salamu kutoka Lubumbashi.

Nina gitaa la kulaza mapajani, nyuzi 6, inchi 22.5 toka kichwani hadi darajani, mikro ya sumaku (kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi). Kutoka sauti ya juu kwenda ya chini naitune Do6, yaani Mi, Do, La, Sol, Mi, Do. Seti maalumu ya Do6 haipatikani hapa, kwa hiyo nachanganya pakiti mbili za gitaa la umeme, 10-46 na 11-49 (unene wa uzi mwembamba hadi mnene, kwa sehemu za elfu za inchi): Mi inchi 0.014, Do 0.017, La 0.018, Sol 0.026, Mi 0.028, Do 0.036. Nyuzi tano zinakaa vizuri kabisa.

Shida ni hiyo La. Uzi 0.018 unalegea, chuma (kile cha mkononi ninachotelezesha juu ya nyuzi) kikikandamiza kidogo tu, sauti inapanda na uzi unagonga. Nimejaribu 0.024 ya kuzungushiwa waya wa bronzi, kutoka pakiti ya gitaa kavu (lisilo la umeme). Mkazo ni mzuri, lakini ile bronzi haishikwi na sumaku, inasikika chuma cha ndani peke yake, kwa hiyo La inazama kati ya wenzake. Kushusha mikro upande mmoja kunaharibu Sol pia. Tena uzi wa kuzungushiwa unakwaruza chuma kikiteleza.

Maswali:
Kwa urefu huu, bora 0.020 tupu (usiozungushiwa waya) au 0.022 ya nikeli ya kuzungushiwa?
Na nani anajua duka linalouza uzi mmoja mmoja, hapa mjini au upande wa Kasumbalesa, mpakani na Zambia? Kununua pakiti nzima kwa uzi mmoja ni hasara.

Aksanti.