Udzungwa mara ya kwanza: niishie Sanje au nipande Mwanihana?

Muuliza swali:
Wakuu habari zenu, mwezi wa saba nataka kwenda hifadhi ya milima ya Udzungwa na mdogo wangu, kilele cha Mwanihana nakitamani sana ila hatujawahi kulala msituni na mazoezi yetu ni kukimbia jioni tu. Tuanze na maporomoko ya Sanje au tuunganishe moja kwa moja Mwanihana? Na gari linaishia wapi?

Jibu 1:
Gari mnaacha Mang'ula, pale getini, mkuu, ndani ya hifadhi hakuna barabara, ni miguu tu na ndo maana msitu bado umeshikana kuanzia bondeni mpaka juu zaidi ya mita 2,000. Mwezi wa saba ni kiangazi, safi, masika njia inakuwa utelezi mtupu. Ila Mwanihana msiichukulie poa, ni siku tatu, mnalala kwenye mahema na mnatembea na askari mwenye silaha sababu tembo wapo, unaweza usimuone hata mmoja ila kinyesi kibichi unakikuta katikati ya njia. Usiku baridi kali, bebeni masweta.

Jibu 2:
Sanje kwanza ndugu yangu. Maji yanashuka mita 170, ukisimama pale juu mashamba ya miwa ya Kilombero yote unayaona chini, halafu kuna sehemu ya kuogelea. Kipimo chenu ni kushuka, kule mizizi imekaa kama ngazi na magoti yanafanya kazi kweli, mkifika chini mapaja hayatetemeki basi Mwanihana mnaiweza. Halafu tembeeni kimya jamani, watu wanaingia na spika msituni alafu wanalalamika hawajaona kitu! Mbega wekundu wako juu ya miti pale, na kima wa Sanje ambaye wanasayansi wamemjua 1979 tu, dunia nzima anapatikana milima hii peke yake, kumkosa kwa sababu ya mziki inauma.

Jibu 3:
Naunga mkono Sanje. Na mtu akiwaambia Mwanihana ndo kilele kirefu kuliko vyote sio kweli, ni Luhombero, mita 2,576, ila hiyo ni safari ndefu zaidi, hiyo iacheni kwanza.

Muuliza swali:
Asanteni sana wakuu. Viatu je, raba za kukimbilia zinafaa?

Jibu 2:
Kwa Sanje kiangazi zinafaa kama soli ina meno, ikiwa imelika usithubutu, yale mawe ya karibu na maji yana utelezi.