Naomba ushauri: naenda sinema na Wajapani, mdomo wangu hautulii

Wakuu, habari za humu. Niko Japani kikazi. Wenzangu wa ofisini wamenialika sinema Jumamosi, na atakuwepo jamaa mmoja wa kutoka India. Shida ni kwamba mimi filamu naichangia: namwonya stelingi asifungue mlango ule. Jamaa naye hupiga miluzi kabisa. Nasikia Wajapani hawataki hata mnong'ono, ni kweli? Na filamu ikiisha, majina ya waigizaji yakianza kupita, tukitoka ni utovu wa adabu?

Mzee wa Kioo:
Ni kweli, mkuu. Kucheka ruksa panapochekesha, kuongea na skrini hapana. Simu izime kabisa, maana mwanga wake unamkera aliye safu ya nyuma hata kama haina sauti. Majina yakipita, wengi hukaa hadi taa ziwashwe. Hakuna atakayekuzuia kutoka, ila utawaziba wenzio, na wewe ni mgeni wao. Kaeni tu.

Binti Mkimya:
Jamaa wa India msimwone mshamba. Kule Tamil Nadu, jimbo la kusini mwa India, filamu mpya ya stelingi wao Rajinikanth ikitoka, akitokea tu kwenye skrini ukumbi unalipuka: miluzi, makofi, vikaratasi vinarushwa juu. Anayetulia ndiye wa kushangaza. Mwambie pia asitegemee mapumziko. India filamu hukatwa katikati watu wakanyooshe miguu, hata zile za Hollywood. Aende msalani mapema.

Kapteni:
Naongezea. Hata Japani kuna maonyesho maalumu ya kushangilia. Filamu ya Shin Godzilla ya 2016 ilikuwa nayo, watu wakipayuka na kupunga vijiti vya taa. Ulizia kabla ya kukata tiketi. Ukipata onyesho la aina hiyo, muonye stelingi mpaka koo likauke. (Na ukipita Thailand siku moja, wimbo wa mfalme ukipigwa kabla ya filamu, simama na wenzio.)

Mleta uzi:
Asanteni sana. Sasa jamaa akijisahau akapiga mluzi, nifanyeje?

Binti Mkimya:
Mguse kiwiko, basi. Ukimkemea mtakuwa wapiga kelele wawili. Huko Japani viti huchaguliwa wakati wa kukata tiketi, kwa hiyo wahi uchukue kilicho kati yake na wenyeji.